UZI: Njia tulivu za baiskeli kwenye vilima na vijiji vya Ufaransa (Célé, Lot, Nesque, Bourgogne)

MwendoPole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba huu uwe uzi wa barabara za lami zisizo na magari mengi Ufaransa, zile za vilima na vijiji vya mawe. Alps na Pyrenees zina nyuzi zake, tuziache huko.

Tuko wanne, wawili wa Arusha na wawili wanaoishi Ubelgiji. Tunatua Toulouse katikati ya Septemba. Siku nne za kuendesha, kilomita 60 mpaka 100 kwa siku, baiskeli za lami, tairi za milimita 28. Tumelenga mkoa wa Lot, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Shida ni kwamba kila programu ya simu inachora lake: moja inatupeleka D662, barabara kubwa ya bonde la mto Lot, mwanzo mwisho, nyingine inatushusha kando ya mto huo kwenye kinjia ambacho pichani kinaonekana ni changarawe. Anayezijua barabara hizi azitaje kwa namba.

Gia34

Kabla ya njia yenyewe, jueni kusoma namba, maana simu ikizima chaji ndizo zitakazowarudisha nyumbani.

A ni barabara ya kasi, baiskeli marufuku. N ni ya taifa, malori kwa foleni, na vipande vyake vingine vimejengwa kama A. Ukiona kibao cha mraba cha bluu chenye gari jeupe, usiingie. D ni za mkoa, na hapo ndipo utulivu wenu ulipo. C au V ni za kijiji, nyembamba, na nyingine zinaishia uani kwa mkulima.

Watu huwa wanasema D yenye tarakimu nyingi ndiyo tulivu. Hiyo ni nusu ya ukweli. D nyingi zenye namba za 600, 800 na 900 zilikuwa N zamani, serikali ikazikabidhi kwa mikoa, na magari hayakupungua kwa sababu tu kibao kimebadilishwa. Mkoani Lot, D820 ni ile N20 ya zamani, D840 ya Gramat hadi Figeac ilikuwa N140, na D662 ilikuwa N662. Wakati huohuo D41 ya bonde la Célé ina tarakimu mbili tu na ni kimya. Tena namba hubadilika ukivuka mpaka wa mkoa, hivyo usishtuke D41 yako ikigeuka kitu kingine mbele ya safari.

Ramani ya karatasi ya Michelin bado inashinda simu kwa kazi hii. Nyekundu ni barabara kubwa, njano ya kati, nyeupe ndogo. Tafuta nyeupe. Ukiona nyeupe yenye ukingo wa kijani, wenyewe wamekuambia ina mandhari. Vimshale juu ya barabara ni ukali wa mlima: kimoja ni asilimia 5 hadi 9, viwili 9 hadi 13, vitatu zaidi ya 13, na ncha inaelekea kule kunakopanda. Vimshale vitatu na mizigo ya siku nne havipatani.

NyotaYaQuercy

Gia34 kamaliza darasa. Njia sasa.

Mzunguko wenu ni Figeac, bonde la Célé, Saint-Cirq-Lapopie, Cajarc, Figeac. Jumla ni takriban kilomita 110. Wenye miguu wanaumaliza kwa siku moja, ila kuukimbiza ni kuupoteza. Gaweni siku mbili, mlale Cabrerets au Saint-Cirq.

Anzeni Figeac kuelekea magharibi. Kilomita za mwanzo kutoka mjini zina magari, mkishaingia D41 yanapukutika. Mtapita Boussac, Corn, Brengues, Saint-Sulpice, Marcilhac, Sauliac na Cabrerets, mpaka Conduché ambako Célé unaingia kwenye mto Lot. Mto unashuka kwenda magharibi, ndiyo maana tunaanzia Figeac na si Cahors. Lakini msidhani ni kuteleza tu. Barabara haikai ufukweni muda wote. Kila genge la mwamba linapousogelea mto, lami inapanda juu yake na kushuka upande wa pili. Vimlima ni vifupi, ila ni vingi, na mchana vinajumlishana.

Pa kusimama: Espagnac-Sainte-Eulalie iko ng'ambo ya mto, hivyo lazima uache D41 na kuvuka daraja. Wengi wanapitiliza. Kanisa la watawa pale lina mnara wa kengele wa fito za mbao na matofali uliokalishwa juu ya kuta za mawe, hauoni mwingine kama huo bondeni. Marcilhac ina abasia ya Wabenedikto, nusu gofu nusu kanisa linalotumika. Kabla kidogo tu ya Cabrerets, pembeni kabisa mwa barabara, chemchemi ya La Pescalerie inatoka chini ya mwamba ikiwa tayari ni kijito. Halafu Cabrerets yenyewe, angalia juu: ngome imejengwa ndani ya ubavu wa jabali. Pango la Pech Merle lenye michoro ya kale liko juu ya kijiji hichohicho, kuna mlima wa kulifikia, na watu wanaoingia kwa siku wana idadi maalumu. Wekeni nafasi mapema.

Conduché mnagusa D662 kidogo, mnavuka daraja jembamba la Bouziès kwenda kingo ya kusini, kisha D40 inapanda hadi Saint-Cirq-Lapopie. Hapo kinjia cha changarawe cha MwendoPole kinajieleza: ni njia ya zamani ya kuvutia mashua, imechongwa ndani ya jabali kati ya Bouziès na Saint-Cirq. Ni nzuri mno na ni ya waenda kwa miguu. Programu inaiona fupi na tambarare, inaichagua. Burura pini ya njia uiweke juu ya D40, itakubali.

Kutoka Saint-Cirq bakini kingo ya kusini: Crégols, Cénevières yenye kasri juu ya mto, Calvignac iliyoning'inia mwambani, ndipo mvuke daraja kuingia Cajarc. Kingo ya kaskazini ndiko D662 iliko. Kutoka Cajarc pandeni Gréalou, Béduer, mteremke Figeac. Mpando wa Cajarc ni kama mita 200 za wima, unakuja mwishoni, mkiwa mmechoka. Wekeni akiba.

Kandambili_Tours

Naongeza moja kwa NyotaYaQuercy: muda ni muhimu kuliko namba. Saint-Cirq ilichaguliwa na Wafaransa kuwa kijiji wanachokipenda zaidi mwaka 2012 na tangu hapo hakijapumua. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 12 jioni D40 ina magari ya kukodi yanayotafuta maegesho huku dereva akiangalia bonde. Fikeni jioni, laleni, ondokeni asubuhi kijiji kikiwa chenu. Na D41 yenyewe Julai na Agosti ina mabasi madogo yanayokokota mitumbwi ya watalii. Septemba inatulia.

Halafu D662 isionekane jini. Jumapili kabla ya saa 3 asubuhi inapitika vizuri, ina lami laini na ndiyo njia ya haraka kama mvua imewafumania.

NyotaYaQuercy

Jumapili asubuhi sawa. Siku nyingine hapana. Haina bega la barabara, kona ni nyingi, na gari kubwa la nyumba ya kusafiria likikukuta kwenye kona yenye mwamba kulia kwako huna pa kukimbilia. Sheria inamtaka dereva akuachie mita 1.5 nje ya mji na mita 1 ndani ya mji, lakini pale barabara haina hiyo mita 1.5 ya kutoa mpaka asubiri, na wa nyuma yake hapendi kusubiri.

FundiSpoki

Mimi nazungumzia chuma.

Gia kwanza. Vilima vya Lot si virefu lakini barabara za kupanda kutoka bondeni zina vipande vya asilimia 10. Mkiwa na sahani ya mbele ya meno 34 na sahani kubwa ya nyuma ya meno 34, mzunguko mmoja wa krenki unawasogeza kama mita 2.1. Kwa mizunguko 70 kwa dakika mnakwenda karibu kilomita 9 kwa saa, na mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85 kwenye asilimia 10 hiyo ni kama wati 220. Yule wa 36 kwa 28 akitaka mizunguko ileile 70 atakwenda 11.5 na atalipa karibu wati 285. Hana hizo wati siku nzima, kwa hiyo atakanyaga polepole kwa nguvu, na siku ya pili goti litaleta malalamiko.

Anayebadilisha kaseti (fungu la sahani za nyuma) kwenda meno 34 aangalie vitu viwili. Mkono mfupi wa gia ya nyuma wa Shimano wa kasi 11 unaishia meno 30, lazima uwe ule mrefu. Na cheni: ukiacha ya zamani iliyopimwa kwa 28, siku utakapoweka kubwa-mbele na kubwa-nyuma cheni inakaza, inavuta mkono wa gia, na kile kisikio cha alumini kinachoushikilia kwenye fremu kinakatika. Jaribu hiyo gia nyumbani, baiskeli ikiwa imening'inia, ukizungusha kwa mkono. Kisikio cha akiba bebeni kila mtu chake, kwa sababu kila fremu ina umbo lake na hakuna duka la kijijini litakalokuwa nacho. Maduka ya baiskeli yahesabuni Figeac na Cahors tu, katikati mnajitegemea. Kila mmoja tiubu mbili, viraka, solusheni, kiungo cha cheni cha kasi sahihi, na pampu ya mkono hata kama mna za gesi.

Upepo wa tairi: mtu wa kilo 75 na tairi ya milimita 28, nyuma bar 5, mbele pungufu kidogo. Msijaze 8 eti ndiyo kasi. Lami ya vijijini kule ni ya kumwaga lami ya moto na kokoto juu yake, si laini kama ya mjini, na tairi gumu linarukaruka badala ya kubingirika.

Hapo ndipo tunafika kwenye adui mwenyewe: kokoto mpya. Kuanzia mwishoni mwa majira ya kuchipua hadi Septemba mikoa inatengeneza barabara ndogo kwa kumwaga kokoto na kuyaachia magari yazikandamize. Kibao kimeandikwa GRAVILLONS. Siku za mwanzo ni kama kuendesha juu ya mahindi makavu. Fuata mistari miwili iliyosafishwa na matairi ya gari. Breki piga kabla ya kona, si ndani yake. Kokoto hurundikana katikati ya njia na upande wa nje wa kona, palepale baiskeli inapokupeleka ukizidisha kasi. Ukitoka kwenye kipande hicho simama, pitisha glavu juu ya tairi, maana zilizonasa zitaingia ndani baada ya kilomita kumi. Siku ya joto kali lami inalainika na kuzibeba zaidi.

Mzungukaji_Dom

Swali kwa FundiSpoki, breki za rimu zinatosha? Baiskeli mbili kati ya nne si za diski.

FundiSpoki

Kwa Lot zinatosha sana. Mteremko mrefu pale ni mita 200 hivi za wima, rimu haipati muda wa kuchemka. Ingekuwa kushuka mlima Ventoux kule Provence kutoka mita 1,910 hadi Malaucène ningesema kingine. Wenye diski wapime pedi kabla ya kuondoka. Kikomo cha Shimano ni milimita 0.5 za unene wa pedi bila bati lake, na mvua moja yenye matope ya shamba inaweza kumaliza kilichobaki.

MwendoPole

Shukrani wakuu, uzi umekolea. Maji na chakula je? Na wale wawili wa Arusha wasiwasi wao ni kuendesha kulia.

Kandambili_Tours

Saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili. Kwenye vibao vyao 7h ndiyo saa 1 asubuhi.

Duka la mikate linafunguliwa saa 1 asubuhi au pungufu, linafungwa saa 6 na nusu mchana, linarudi saa 9 au 10 alasiri. Jumatatu mengi hayafungui kabisa, na vijiji vingi vya Célé havina duka hata siku nyingine. Mgahawa unapika kuanzia saa 6 hadi saa 7 na nusu. Ukifika saa 8 mchana ukiwa na njaa utapewa kahawa na tabasamu. Kwa hiyo nunueni mkate na jibini Figeac asubuhi, mle Marcilhac. Jumamosi kuna soko Figeac, na Cahors ni Jumatano na Jumamosi. Rocamadour, kile kijibini kidogo cha maziwa ya mbuzi, kinabebeka mfukoni mwa jezi kwa asubuhi moja, mbili hapana.

Maji: makaburini. Kila kijiji kina makaburi, na makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Ingieni kwa adabu, vueni helmeti, jazeni chupa, tokeni. Someni kibao kwanza: "eau potable" kunywa, "eau non potable" mwagia kichwani tu. Bondeni si tatizo. Tatizo ni mkipanda juu kwenye uwanda wa chokaa, causse wanaouita, kwa mfano kutoka Brengues kwenda Espédaillac, Quissac na Caniac-du-Causse. Kule ndiko kuna utulivu wa kweli kuliko bonde lote, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mialoni mifupi, kondoo wenye miwani myeusi. Lakini mvua yote inazama kwenye nyufa za chokaa, hakuna kijito juu ya ardhi. Chupa mbili za mililita 750 kila mtu, zikiwa zimejaa, kabla ya kuuacha mto.

Gia34

Kuendesha kulia, ndugu zetu wa Arusha: barabarani wazi mtazoea kwa nusu saa. Hatari iko sehemu tatu. Ya kwanza ni kuanza upya baada ya kusimama kwenye kijiji kisicho na gari hata moja. Hakuna wa kumfuata, mkono wa mazoea unakupeleka kushoto. Ya pili ni kipilefti, mnazunguka kinyume cha saa, na aliye ndani ana haki palipo na kibao cha kumpisha, ambapo ni karibu pote. Ya tatu hata Wazungu wageni inawashinda: ndani ya vijiji, pasipo na kibao chochote, anayetokea kulia kwako ana haki ya kupita, hata kama anatoka kwenye kichochoro na wewe uko barabara kubwa. Atatoka bila kuangalia, kwa sababu sheria ni yake.

Na breki. Kama mmoja wenu anakodi baiskeli huko, kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Baiskeli nyingi za kwetu ya mbele iko kulia. Mtu akibana kulia kwa nguvu akidhani ni ya mbele, gurudumu la nyuma linaburuzika kwenye kokoto. Mwambieni fundi abadilishe kabla ya kulipia.

Mengine kwa kifupi: helmeti ni lazima kwa walio chini ya miaka 12 tu, lakini vaeni. Vizibo vya masikioni vya muziki ni marufuku, faini. Usiku au ukungu nje ya mji, kizibao cha kung'aa ni lazima. Katikati ya Septemba jua linachomoza kama saa 1 na nusu, na bonde la Célé asubuhi linajaa ukungu, hivyo kizibao mtakitumia. Dharura ni 112.

Mzungukaji_Dom

Siku nne zote Lot? Mimi ningetaja mbili nyingine kwa watakaousoma uzi huu baadaye.

Korongo la mto Nesque, chini ya Ventoux: D942 kutoka Villes-sur-Auzon kwenda Sault. Inapanda hadi mita 734 pale Castelras, kwa ulaini ambao hata aliyeanza juzi anaumudu, ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na vihandaki vifupi. Magari machache kwa sababu wenye haraka wana barabara nyingine. Hakuna maji mpaka Monieux. Siku za mistral, ule upepo mkali wa kaskazini, ulizeni kwanza.

Bourgogne ya kusini: njia ya kijani ya Givry hadi Cluny, kilomita 44 juu ya reli ya zamani, ilifunguliwa 1997 na ndiyo ya kwanza ya aina yake Ufaransa. Yenyewe ni tambarare. Tumia kama uti wa mgongo, kisha chomoka Cormatin kwa D14 kupitia Chapaize na Brancion hadi Tournus, hapo vilima vipo na makanisa ya Kiromaneski kila baada ya kona. Ukiendelea kusini ya Cluny, handaki la Bois Clair lenye mita 1,600 hufungwa majira ya baridi kwa ajili ya popo. Barabara ya juu ya kilima ndiyo mbadala.

Kandambili_Tours

Usafiri kutoka Toulouse: treni ya TER (ya kanda) kutoka kituo cha Matabiau inawafikisha Figeac kwa saa mbili na kitu. Baiskeli inapanda bure, ila ndoano za kuning'iniza ni chache na mko wanne. Gawanyikeni wawili wawili kwenye treni mbili, au mpande ile ya kwanza asubuhi. TGV (treni za kasi) na Intercités (za masafa marefu) ni hadithi nyingine, huko mnakata tiketi ya baiskeli mapema, euro 10. Maboksi ya ndege yaacheni hoteli ya Toulouse mtakayolala usiku wa mwisho.

MwendoPole

Mwisho: kwenye mtandao wa mkoa tumeona kipande kimoja kimewekewa "route barrée", barabara imefungwa. Baiskeli inapenya au ndiyo basi?

NyotaYaQuercy

Inategemea kilichofunga. Kama ni kazi ya lami au bomba, shukeni, mwulizeni msimamizi, mara nyingi anawaruhusu kupita mkisukuma kwa mguu. Kama kibao kina "chute de pierres" au "éboulement", yaani jabali linaporomoka, msiingie hata mkiona pamenyooka na kimya. Célé ni bonde la magenge na mwamba haupigi honi. Msifuate vibao vya njano vya "déviation" (mchepuko) pia, vimewekwa kwa malori na vitawapeleka D kubwa. Rudini kijiji cha nyuma, mvuke daraja mwende kingo ya pili, au mpande causse na kushuka kijiji kinachofuata. Kati ya Brengues na Marcilhac hiyo inaongeza mlima mmoja, kwa hiyo jazeni chupa Brengues.